Nyama waikagua, na mafundisho je?

IKIWA unaishi Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Maringo au Jericho, Soko la Burma halihitaji kutambulishwa kwako. Ni lile soko lililo kando ya barabara ya Jogoo, karibu na uwanja wa City ambao siku hizi una jina la mwanasoka Joe Kadenge. Jina la soko lenyewe ni la nchi ya mbali ambako askari wa King's African Rifles walipigana katika Vita Vikuu vya Pili, lakini kwa mkazi wa Nairobi, Burma maana yake ni nyama. Familia nyingi hutoka kanisani Jumapili na kuelekea huko moja kwa moja, watoto wakiwa bado na nguo zao za ibada.

Hebu jitazame, msomaji, unapofika mbele ya bucha. Hununui nyama kwa sababu tu mwenye bucha ana sauti tamu na amekuita "mteja wangu". Unatazama kama paja lililotundikwa lina mhuri wa mkaguzi. Unatazama rangi, unanusa, unauliza ng'ombe alichinjwa wapi na lini. Ikipimwa, macho yako hayabanduki kwenye mizani. Ukitiliwa mifupa kupita kiasi unalalamika, na hakuna anayekuambia kwamba umemkosea heshima mwenye bucha. Kukagua ni haki yako, kwa maana nyama hiyo italiwa na wanao.

Mwaka wa 2019, runinga ya NTV ilipofichua kwamba baadhi ya wauzaji wa nyama katika supamaketi za Nairobi walikuwa wakiitia kemikali ili ionekane mbichi, habari hiyo ilizungumzwa nyumba kwa nyumba. Watu walitaka kujua wanalishwa nini, na nani aliyepaswa kuchunguza lakini hakuchunguza.

Sasa jiulize: asubuhi hiyo hiyo, kabla hujafika sokoni, ulipokuwa umeketi kanisani ukisikiliza mahubiri, ulikagua nini?

Wengi wetu tukiwa wakweli tutajibu kwamba hatukukagua chochote. Mhubiri alisema, tukaitikia amina. Alitaja aya, nasi hatukufungua kitabu kuona aya hiyo inasema nini kabla yake na baada yake. Alisema Mungu amemwonyesha jambo, tukapiga makofi.

Neno la afya

Neno "mafundisho" huwafanya watu wengi wapige miayo. Hulichukulia kuwa ni jambo la maaskofu na vyuo vya theolojia, lisilomhusu mama anayeuza mboga wala mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Lakini mafundisho ni majibu ya maswali manne ambayo kila Mkristo huyajibu kwa maisha yake, apende asipende: Mungu ni nani? Kristo alifanya nini? Mtu huokolewaje? Na akishaokolewa, aishi vipi na wenzake? Ukiyajibu vibaya, utaishi vibaya hata kama moyo wako ni mwema.

Mtume Paulo, alipowaandikia Timotheo na Tito, alilisisitiza jambo hili mara kadhaa. Neno la Kigiriki alilolitumia kuyaeleza mafundisho yaliyo sahihi ni neno la afya, lile lile ambalo Wazungu walilitolea neno lao la usafi unaokinga magonjwa. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka wa 1952, ile inayojulikana kama Union Version, walilielewa vyema, wakaandika "mafundisho yenye uzima". Hawakusema mafundisho marefu, wala magumu. Walisema yenye uzima. Kwa hivyo mafundisho yasiyo sahihi, kwa lugha hiyo hiyo, yana ugonjwa ndani yake. Mtu anaweza kuyala na kufa.

Huenda ukadhani natia chumvi. La hasha. Sisi Wakenya tumeyaona haya kwa macho yetu.

Hatua kwa hatua hadi Shakahola

Mnamo Aprili 2023, polisi waliingia katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, baada ya kudokezewa kwamba kuna watu wanaojinyima chakula hadi kufa. Waliwakuta watu waliokonda mno, wengine wakiwa hawawezi kusimama. Kisha makaburi yakaanza kufukuliwa. Kufikia katikati ya mwaka huo, zaidi ya miili 400 ilikuwa imetolewa ardhini, mingi ikiwa ya watoto. Uchunguzi wa wapasuaji wa serikali ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi.

Mhubiri Paul Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa la Good News International mjini Malindi mwaka wa 2003, alishtakiwa pamoja na wengine kwa makosa mazito yakiwemo ugaidi na kuua bila kukusudia. Wote walikana mashtaka walipofikishwa mahakamani mwaka wa 2024. Hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini mafundisho yaliyohubiriwa yalikuwa hadharani kwa miaka mingi. Yalirushwa kwenye runinga na mtandaoni, yeyote akaweza kuyasikia.

Na hapa ndipo tunapopaswa kuwa makini, msomaji. Hakuna aliyeingia kanisa lile siku ya kwanza akaambiwa aache kula. Lau angeambiwa hivyo, angekimbia. Mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Kwanza watu walifundishwa kwamba shule ni ya shetani, na mwaka wa 2017 Mackenzie alikamatwa kwa kuwazuia watoto kwenda shuleni. Kisha wakafundishwa kwamba hospitali na dawa ni dalili ya kukosa imani. Mwaka wa 2019 akatiwa mbaroni tena kwa kuwahimiza watu waikatae Huduma Namba, akidai ni alama ya mnyama anayetajwa katika kitabu cha Ufunuo. Mwaka huo huo kanisa lilifungwa, waumini wakahamia msituni. Na huko msituni, kwa mujibu wa waendesha mashtaka, likaja fundisho la mwisho: kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kwanza haukuwa njaa. Ufa ulikuwa siku ile ya kwanza mtu alipoambiwa jambo ambalo Biblia haisemi, naye akaitikia amina kwa kuwa aliyesema ameshika Biblia.

Usiseme pia kwamba waliopotea walikuwa wajinga. Magazeti na runinga ziliripoti kwamba miongoni mwa waliomfuata walikuwemo watu waliosoma na waliokuwa na kazi nzuri. Walitoka sehemu mbalimbali za nchi, wengine wakauza mali zao na kukata uhusiano na jamaa zao. Elimu ya darasani haikuwakinga, kwa sababu jambo ambalo hawakuwa wamefunzwa ni namna ya kukagua mahubiri.

Shakahola halikuwa tukio la kwanza katika eneo letu. Nchini Uganda, katika kijiji cha Kanungu, Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na wenzao waliongoza kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Walitangaza kwamba dunia ingekwisha mwaka wa 1999 ukifika tamati. Mwaka mpya ulipoingia na jua likachomoza kama kawaida, waumini waliokuwa wameuza mali zao walianza kuuliza maswali. Tarehe 17 Machi 2000, mamia yao waliteketea kwa moto ndani ya jengo la kanisa ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamezibwa. Aya iliyo wazi kabisa katika Injili ya Mathayo, kwamba hakuna ajuaye siku wala saa ila Mungu Baba, ingetosha kuwarudisha nyumbani tangu siku ya kwanza.

Wala Shakahola haikuwa ya mwisho. Mwaka wa 2025, miaka miwili baadaye, wachunguzi walifukua miili mingine zaidi ya 30 huko Kwa Binzaro, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi.

Serikali haiwezi kukuitikia amina

Baada ya Shakahola, wengi walisema serikali ndiyo ya kulaumiwa. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana ilizilaumu idara za serikali kwa kutochukua hatua mapema. Rais William Ruto aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, aliyepata kuwa katibu mkuu wa baraza la makanisa, NCCK, ambalo liliwasilisha ripoti yake mwaka wa 2024 kuhusu namna ya kuyasimamia mashirika ya kidini.

Hayo ni mema na yanahitajika. Serikali inaweza kumkamata anayemnyima mtoto chakula. Inaweza kudai hesabu za fedha. Lakini kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kuamini, na sidhani kama ungependa afisa wa serikali akukagulie mahubiri jinsi mkaguzi anavyogonga mhuri kwenye nyama. Leo angemzuia mwongo, kesho angemzuia nabii wa kweli anayemkosoa mkubwa. Kwa hivyo mhuri huo umeachiwa wewe, pamoja na kanisa lako na familia yako.

Mafundisho ya uongo pia si lazima yaue ili yadhuru. Mnamo Novemba 2014, runinga ya KTN ilimwonyesha mhubiri mmoja wa Nairobi akiwataka waumini watume "mbegu" ya shilingi 310 kwa simu, na ikaeleza jinsi kemikali ya kawaida ya dukani ilivyotiwa katika maji ili ionekane kama damu inatoka miguuni mwa wagonjwa wanaoombewa. Nchi nzima ilicheka. Lakini fikiria mama wa mtaani kwako aliyetuma shilingi 310 zilizokuwa za unga, akingoja muujiza ambao haukuja, kisha akaambiwa kwamba imani yake ndiyo haikutosha. Huyo alipoteza fedha zake, na pengine akampoteza Mungu pia.

Biblia yenyewe yataka ikaguliwe

Kuna watu wanaoogopa kuuliza. Wameambiwa kwamba watumishi wa Mungu ni wapakwa mafuta, na anayewagusa atalaaniwa. Basi tutazame kisa chenyewe. Daudi alikataa kumwua Mfalme Sauli kwa sababu alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana. Lakini alisimama nje ya pango na kumkosoa kwa sauti, jeshi zima likisikia. Kutomgusa kulimaanisha kutomwua, hakukumaanisha kunyamaza. Baadaye Daudi mwenyewe, akiwa mfalme, alikosolewa na nabii Nathani. Naye Paulo alimkemea Petro mbele ya watu kule Antiokia, kama anavyosimulia katika waraka wake kwa Wagalatia. Ikiwa Petro aliulizwa, mhubiri wa mtaani kwako ni nani asiulizwe?

Kitabu cha Matendo kinawasifu watu wa Beroya kwa jambo hili hili. Paulo mwenyewe ndiye aliyewahubiria, lakini kila siku walirudi kwenye Maandiko kuchunguza kama aliyoyasema ni kweli. Hawakuitwa wakaidi. Waliitwa waungwana.

Na tazama jinsi Maandiko, yakisomwa kwa ukamilifu, yanavyojibu hoja za Shakahola moja baada ya nyingine. Dawa? Luka, rafiki wa Paulo na mwandishi wa Injili, alikuwa tabibu, na Timotheo alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Chakula? Yesu alipomfufua binti Yairo, jambo la kwanza aliloagiza ni kwamba mtoto apewe chakula. Eliya alipochoka akatamani kufa, malaika alimletea mkate na maji. Paulo tena alitahadharisha kwamba watatokea watu watakaokataza ndoa na vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani, akayaita hayo mafundisho ya mashetani.

Anayejua visa hivi vinne tu, hata kama hajawahi kuingia chuo cha Biblia, hawezi kupelekwa msituni kwa urahisi. Na asisahau kwamba shetani naye alinukuu Zaburi alipomjaribu Yesu. Kutaja aya si mhuri. Yesu hakumjibu kwa kupiga kelele, alimjibu kwa aya nyingine iliyoweka ile ya kwanza mahali pake.

Lakini upendo je?

Najua yupo msomaji atakayesema, "Mimi mambo ya mafundisho siyataki, yanaleta ugomvi. Namtaka Yesu tu na upendo." Ana haki kiasi. Katika mitaa yetu kuna Wakristo wasiosalimiana kwa sababu ya siku ya ibada, wingi wa maji ya ubatizo au urefu wa sketi. Paulo mwenyewe alimwonya Timotheo aepuke mashindano ya maneno yasiyofaa kitu.

Hata hivyo, ukisema unamtaka Yesu tu, lazima ujibu swali: Yesu yupi? Kule Shakahola walimtaka Yesu. Kanungu walimtaka Yesu. Anayekuambia Yesu anataka kodi yako ya nyumba kabla hajakuponya, naye anamtaja Yesu. Kuijua tofauti yao ndiyo kazi ya mafundisho sahihi. Ndiyo sababu makanisa ya kale, wakati ambapo watu wengi hawakujua kusoma, yaliiweka imani katika maneno machache ya kukariri. Kanuni ya imani ya Nikea ilianzia katika mtaguso wa mwaka wa 325. Bado inakaririwa na Wakatoliki na Waanglikana, pengine bila kufikiri. Jumapili ijayo ukiitamka, isikilize. Ni kama mizani iliyopimwa zamani, na fundisho lolote jipya laweza kuwekwa juu yake.

Ukague nini?

Iwapo wataka kuanza leo, haya maswali matano yatakusaidia.

La kwanza: je, aya iliyosomwa imesomwa pamoja na zilizo kabla na baada yake, au imekatwa kipande? La pili: ukiondoka kanisani, unamfikiria Kristo au mhubiri? La tatu: fundisho hili likifuatwa hadi mwisho litanifikisha wapi? Likinitenga na ndugu zangu, shule, daktari na chakula, njia hiyo imeshajulikana inakoishia. La nne: fedha zinasomwa na nani? La tano, nalo ni zito kuliko yote: mhubiri huyu anaulizika? Kuna wazee, askofu au baraza linaloweza kumwambia amekosea, naye akasikia?

Wewe mwanafunzi, usingoje hadi uwe mzee. Mkiwa chuoni, mnapokutana kwa maombi, tengeni pia saa ya kusoma kitabu kizima cha Biblia kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwani anayesoma vipande ndiye anayeuziwa vipande. Usione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga, na mhubiri anayekasirika kwa sababu ya swali la heshima amekwisha kukujibu.

Nawe mzazi, mkiketi kula Jumapili, waulize watoto walichofundishwa. Usiwaulize tu kama walikaa vizuri. Waulize: mwalimu alisoma wapi? Hadithi yenyewe ilisema nini? Wewe unaonaje? Timotheo, ambaye Paulo alimwandikia mengi kuhusu mafundisho yenye uzima, hakuyapata kwanza kwa Paulo. Aliyapata nyumbani kwa nyanyake Loisi na mamake Eunike.

Kwa maana tunapozungumza juu ya Shakahola, tusisahau jambo moja. Watu wazima walikwenda kule kwa miguu yao. Watoto walipelekwa. Mtoto hachagui kanisa, jinsi asivyochagua nyama anayopakuliwa. Anakula anachopewa na mtu anayempenda, akiamini kwamba mtu huyo amekwisha kukagua. Jumapili ijayo, kabla hujaitikia amina, mtazame aliyeketi kando yako akichezea kitambaa cha nguo yako. Anaitikia kwa sababu wewe umeitikia.